Arumeru ilikwenda wapi?

Msomaji wetu wa Usa River ameandika hivi: "Shikamoo mzee. Nimezaliwa Leguruki, na cheti changu cha darasa la saba kinasema Wilaya ya Arumeru. Juzi nilikuwa najaza fomu, nikafika mahali pa kuchagua halmashauri. Naona Meru, naona Arusha, Arumeru hakuna. Nikamuuliza babu, ambaye amepita miaka 90. Akacheka, akaniambia: 'Sisi tulianza kumlipa Mangi, tukaja kuilipa halmashauri, halafu ikapita miaka hatudaiwi na mtu, kisha halmashauri ikarudi na mgambo wake. Majina yanabadilika tu.' Naomba kujua, Arumeru ilifutwa? Na je, babu anasema kweli au umri unamchanganya?"

Marahaba mwanangu. Nianze na babu, maana ndiye aliyenifurahisha. Hajachanganya kitu. Wanafunzi wangu walikuwa wanasoma muhula mzima mambo ya serikali za mitaa, na wengi walimaliza bila kuweza kuyasema kwa mpangilio kama alivyoyasema yeye kwa pumzi moja. Nitamfuata hatua kwa hatua, kwa sababu ukitaka kuijua historia ya halmashauri yoyote ya vijijini Tanzania, njia fupi ni kuuliza kila kipindi nani alikuwa anapokea kodi.

Lakini kwanza fomu yako. Arumeru haikufutwa yote. Kilichokufa ni Halmashauri ya Wilaya ya Arumeru. Wilaya ya Arumeru yenyewe ipo mpaka leo, na Mkuu wa Wilaya wake yupo. Najua hapo utakunja uso, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku tunavitaja vitu hivi viwili kama ni kimoja. Si kimoja. Wilaya ni mkono wa serikali kuu: Rais anamteua Mkuu wa Wilaya, naye anasimamia usalama, maagizo ya serikali na mengine ya namna hiyo. Halmashauri ni chombo cha wakazi. Mnachagua madiwani kata kwa kata, madiwani wanakaa kwenye baraza lao, wanachagua mwenyekiti miongoni mwao, wanapitisha bajeti na sheria ndogo, wanapanga ushuru wa soko. Mkurugenzi Mtendaji, yule mnayemwita DED, anateuliwa kutoka juu, lakini kazi yake ni ya halmashauri. Sehemu nyingi za nchi wilaya moja ina halmashauri moja na mipaka inalingana, ndiyo maana hakuna anayesumbuka kutofautisha. Kwenu wilaya moja imebeba halmashauri mbili. Fomu iliuliza halmashauri, wewe ukatafuta wilaya.

Sasa turudi kwa Mangi.

Wajerumani walijenga boma la Arusha mwaka 1900, baada ya mapigano yaliyoanza pale wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, walipouawa Akeri mwaka 1896. Kodi ya nyumba ilikuwa imeshatangazwa katika koloni, ikidaiwa kwa rupia. Waingereza walipoingia Arusha mwaka 1916 walikuta makabila mawili tofauti kwenye mlima mmoja, Mlima Meru. Upande wa mashariki na kusini-mashariki Wameru, wenye Mangi, yaani chifu wao, na koo zinazoongozwa na washili. Upande wa magharibi na kusini Waarusha, wanaozungumza Kimaasai, wenye marika na malaigwanani, yaani wasemaji wa marika hayo, na ambao kiasili hawakuwa na mtawala mmoja wa kuamuru wote. Gavana Donald Cameron alipofika mwaka 1925 na kuleta utawala wa kupitia wenyeji, sheria ya mwaka uliofuata ilitaka kila mahali pawe na mamlaka ya wenyeji inayotambulika, yenye mkuu, baraza, mahakama na hazina yake. Kwa Wameru mkuu alikuwepo tayari. Kwa Waarusha ilibidi atafutwe. Hivyo zikawa mamlaka mbili, ya Meru na ya Arusha, chini ya afisa mmoja Mwingereza aliyekaa mjini.

Shika jambo hilo la mamlaka mbili, tutalirudia.

Babu yako akisema "tulimlipa Mangi", hakumaanisha fedha ziliingia mfukoni mwa Mangi. Watu wa Mangi ndio waliokusanya kodi ya serikali, na sehemu yake ilibaki katika hazina ya mamlaka ya wenyeji. Humo ndimo walimolipwa mishahara Mangi mwenyewe, makarani na matarishi, na humo ndimo zilimotoka fedha za zahanati, shule na barabara za vijijini. Kwa hiyo Mangi akawa na nyuso mbili: mkubwa wa watu wake, na mwajiriwa wa serikali anayeweza kuondolewa. Hali hiyo ilionekana vibaya sana mwaka 1951, serikali ilipowahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Mamlaka ya wenyeji, iliyoundwa na serikali hiyo hiyo, ilikuwa na nguvu gani ya kuizuia? Wananchi wakajipanga nje yake, wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, kueleza shauri la Wameru. Siku hiyo ardhi haikurudi. Lakini kwa mtazamo wangu, mtu akitafuta mahali ambapo Wameru walianza kudai chombo kinachosimama upande wao wanapokidai, asianzie kwenye vitabu vya sheria. Aanzie Engare Nanyuki, na michango ile.

Sheria yenyewe ilikuja mwaka 1953. Serikali ya Gavana Twining ilipitisha sheria ya serikali za mitaa iliyoruhusu kuundwa kwa halmashauri zenye wajumbe wa kuchaguliwa, na polepole mamlaka za wenyeji zikaanza kugeuzwa. Baada ya uhuru kasi ikaongezeka. Mwaka 1963 madaraka ya kiserikali ya machifu yakafutwa kisheria nchi nzima, na Mangi akabaki na heshima ya mila, bila kodi, bila mahakama, bila karani. Hapo ndipo babu yako alipoanza kuilipa halmashauri.

Halmashauri za miaka ya 1960 zilibebeshwa mzigo ambao vijana wa leo hawaujui. Shule za msingi zilikuwa zao. Zahanati zao. Barabara za vijijini zao, na maji. Mapato yao yalikuwa kodi ya mtu mzima na ushuru wa mazao, ambao kwa mlimani maana yake hasa ni kahawa. Bei ya kahawa ikishuka, halmashauri inapiga miayo. Mwaka mmoja mkulima anapalilia vizuri, mvua inakuja vibaya, ushuru hakuna, lakini mwalimu anataka mshahara wake mwisho wa mwezi vilevile. Nchi nzima halmashauri zilianza kudaiwa, hesabu zikaingia mashaka, na serikali kuu ikaanza kuzinyofoa kipande kwa kipande. Mwaka 1969 kodi hiyo na ushuru wa mazao vikafutwa, na majukumu makubwa yakahamishiwa wizarani. Ukimnyang'anya mtu jembe, huna haja ya kumfukuza shambani. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikafutwa zenyewe.

Mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani, na jina lake bado linanikera kidogo. Mwalimu Nyerere aliandika kwa nia njema kwamba maamuzi yatoke Dar es Salaam yasogee karibu na watu, na kampuni ya washauri ya Marekani, McKinsey, ilisaidia kuusanifu muundo. Maamuzi yalisogea kweli, lakini yalisogea pamoja na maofisa. Kila mkoa ulipewa Mkurugenzi wa Maendeleo na kila wilaya ya kwake, wakiwa na wataalamu wa kilimo, elimu, afya na ujenzi chini yao, wote waajiriwa wa serikali kuu. Kamati za maendeleo zilikuwa na wawakilishi wa wananchi, ndiyo, lakini fungu la fedha lilikuwa la serikali, na anayeshika fungu ndiye anayeshika kikao. Karani wa halmashauri aliyekuwa anamjua kila mlipakodi kwa jina la ukoo akapangiwa kazi nyingine au akarudi kulima.

Hiyo ndiyo ile miaka ambayo babu yako hakudaiwa na mtu. Hakulipa kodi ya halmashauri kwa sababu halmashauri haikuwepo.

Na hapa kuna kitu ambacho watu wengi wa kwenu hawakijui. Wilaya ya Arumeru ilizaliwa ndani ya pengo hilo hilo. Sensa ya 1967 bado iliwahesabu chini ya Wilaya ya Arusha. Sensa ya 1978 tayari inawahesabu chini ya Arumeru. Mji wa Arusha ulikuwa unakua, ukatengwa uwe na wilaya yake, na vijiji vyote vilivyouzunguka vikapewa jina lililoshonwa kwa vipande viwili: Aru ya Arusha, Meru ya Meru. Jina zuri, ingawa mzee mmoja wa Oldonyosambu aliwahi kuniambia kwamba mtoto akipewa majina ya baba wawili, siku ya kugawana mirathi ataulizwa wake ni yupi. Kwa miaka yake ya kwanza, basi, Arumeru ilikuwa wilaya isiyo na halmashauri. Ilikuwa na Mkurugenzi wa Maendeleo, ikawa na halmashauri za vijiji baada ya sheria ya vijiji ya 1975, na katikati hapakuwa na baraza lolote la madiwani wa wilaya.

Kurudi kwa halmashauri kulianza na ilani ya CCM ya uchaguzi wa 1980. Miji ilikuwa imeshatangulia kurudishiwa halmashauri zake mwaka 1978, baada ya taka na kipindupindu kuwaonyesha wakubwa kwamba mji hauwezi kuendeshwa na kamati. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria za serikali za mitaa. Ile ya mamlaka za wilaya ni Sheria Namba 7, na ndiyo inayotumika mpaka sasa pamoja na marekebisho yake. Uchaguzi wa madiwani ukafanyika 1983, na Januari 1984 halmashauri zikaanza kazi. Mwaka huo huo Nyerere, akiwa bado Rais, alikiri katika mahojiano kwamba kama angeanza upya kuna mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Viongozi wa kusema hivyo wakiwa bado kitini ni wachache.

Halmashauri ya Wilaya ya Arumeru, basi, iliishi tangu 1984. Ofisi zake zilikuwa mjini Arusha, yaani nje ya eneo lake yenyewe. Mtu wa King'ori mwenye shida na halmashauri alipanda gari mpaka mjini, akaliacha eneo la halmashauri yake nyuma, ndipo akaifikia. Kwa ramani ilikuwa na mantiki, kwani mji uko katikati na vijiji vimeuzunguka. Kwa mwenye nauli ya kwenda tu ilikuwa kichekesho.

Na ikaja kodi ya maendeleo. Babu yako amesema "na mgambo wake", na hapo amegusa penyewe. Risiti ya kodi ile ilikuwa kijikaratasi chepesi, maandishi yake ya kaboni ya bluu yanafifia ukikitia jasho. Wanaume walikikunja mara nne wakakiweka ndani ya kitambulisho cha chama au kwenye mfuko wa shati unaofungwa kwa kifungo. Kwa nini kifungo? Kwa sababu siku za soko, Tengeru Jumatano au Jumamosi, mgambo walikuwa wanasimama njiani na kamba. "Risiti!" Ukiwa nayo unapita. Ukiwa umeiacha nyumbani, maelezo yako unampa mtendaji wa kata. Nimewaona watu wazima wenye wajukuu wakiacha mikungu ya ndizi barabarani na kukatiza migombani. Mama mmoja alibaki amesimama na mikungu mitatu, wake na ya wanaume wawili waliokimbia, akimwambia mgambo kwa upole, "Ngoja tu mwanangu, watarudi, ndizi ni zao." Mgambo alicheka, lakini kamba hakuishusha.

Hasira yenyewe haikuwa juu ya kiasi cha fedha peke yake. Watu walikuwa wanauliza fedha zimefanya nini. Mwaka 1998, halmashauri ilipoongeza kodi hiyo, wananchi upande wa Meru waligoma kulipa, na mgomo ukafika kwenye vurugu. Waliousoma kama ukaidi wa watu wasiopenda kodi walikosea, nadhani. Watu hao hao walikuwa wanachanga bila mgambo kujenga makanisa na shule za sekondari. Kilichokuwa kimekatika ni imani kwamba kinachotoka Leguruki kitarudi Leguruki. Serikali kuu hatimaye iliifuta kodi ya maendeleo nchi nzima mwaka 2003, pamoja na msururu wa ushuru mdogomdogo wa kero, ikaahidi kuzifidia halmashauri kwa ruzuku. Mgambo wakashusha kamba. Tangu hapo sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri za vijijini inatoka Hazina, na unaweza kuuliza, kama mimi, tofauti yake na ile ya 1972 iko wapi hasa. Ipo: madiwani wapo, na wanaweza kuulizwa. Lakini si kubwa kama tulivyotarajia 1984.

Sasa kifo chenyewe. Sensa ya 2002 iliikuta Arumeru na watu 516,814, wengi mno kwa baraza moja lililokuwa na ofisi mahali pamoja. Mwaka 2007 ikagawanywa. Kisu kilipita kwa urahisi kuliko watu walivyohofia, kwa sababu kilifuata mishono ya zamani. Arumeru ilikuwa na tarafa sita. Poli, Mbuguni na King'ori zikawa Halmashauri ya Wilaya ya Meru, makao makuu Usa River. Enaboishu, Moshono na Mukulat zikawa Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, ile inayouzunguka mji kama pete. Tatu kwa tatu. Ilipofika sensa ya 2012 Meru ilikuwa na watu 268,144 na Arusha, yaani ya vijijini, 323,198.

Angalia mstari huo kwenye ramani, halafu kumbuka zile mamlaka mbili za Waingereza. Kwa ujumla wake unafanana nazo. Wapo wanaosema huo ni ukabila umerudishwa kwa mlango wa uani. Mimi siendi nao mbali hivyo. Mbuguni nenda sokoni, Usa River kaa stendi nusu saa, uhesabu lugha; na kwenye mashamba makubwa ya zamani ya kahawa na mkonge walishatulia watu kutoka kila mkoa. Mpaka unaogawanya halmashauri hauwezi tena kugawanya watu kama walivyogawanywa mwaka 1926. Ila ni kweli kwamba Wameru walikuwa na hamu ya miaka mingi ya kuwa na baraza lao, na hamu hiyo haikuanza 2007.

Kugawana kulikuwa na kazi yake ya kuchosha: mgawanyo wa mali na madeni. Gari hili la nani, greda lile la nani, watumishi wapi, madai ya mwalimu wa mwaka juzi yanalipwa na mtoto yupi kati ya hawa wawili. Wanahistoria hatupendi kuandika habari za greda, lakini aliyepata greda ndiye aliyelima barabara mvua zilipoisha.

Jina la Arumeru, kwa upande wake, likakataa kuzikwa. Wilaya imebaki nalo. Majimbo ya ubunge yakabaki Arumeru Mashariki na Arumeru Magharibi, ndiyo maana nchi nzima ilikuwa ikilitaja jina hilo kila saa mwaka 2012, Joshua Nassari wa CHADEMA aliposhinda uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki dhidi ya Sioi Sumari wa CCM. Halmashauri ilikuwa imekufa miaka mitano kabla, na jina lake liko kwenye kila redio.

Kwa hiyo jaza fomu yako hivi. Palipoandikwa halmashauri, weka Meru, kwa sababu Leguruki iko Tarafa ya King'ori. Palipoandikwa wilaya, weka Arumeru, na usikubali mtu akukosoe. Cheti chako cha darasa la saba hakina kasoro na hakihitaji kubadilishwa jina. Kilitolewa na mamlaka iliyokuwepo siku hiyo. Ukitakiwa kuthibitisha ulikosoma, anzia idara ya elimu ya Halmashauri ya Meru pale Usa River, maana shule yako sasa iko chini yao. Nduguyo aliyesoma Kiranyi, Mlangarini au Oldonyosambu aende Halmashauri ya Arusha.

Mfikishie babu shikamoo yangu, na umuulize neno moja kwa niaba yangu. Ile miaka ambayo hakudaiwa na mtu, barabara ya Leguruki ikikatika kwa mvua, alikuwa anaitengeneza nani? Jibu lake nalisubiri, maana kwenye mafaili niliyopitia hakuna aliyeona umuhimu wa kuliandika.